Besi ya mtumba ina nyufa kwenye rangi, nitajuaje kama ni rangi tu au mbao imepasuka?

MamaBesi

Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua magitaa hasa mafundi. Mimi napiga besi kanisani, siku zote natumia ya kwaya ambayo akisafiri mtu nayo mimi nakaa kama msikilizaji, sasa nimejikusanya nataka yangu mwenyewe. Kuna kaka Kariakoo anauza vyombo vya muziki vya mtumba vinavyoshuka na makontena kutoka Japani, ana Fender Jazz Bass, nyuma ya shingo kule chini karibu na skrubu imeandikwa Made in Japan na namba inaanza na herufi E, rangi ni ile ya kuungua, njano katikati halafu inakolea mpaka nyeusi pembeni. Anataka milioni moja na laki sita, nahisi nikikomaa atashuka.

Sauti sina neno nayo, nimeipiga kwenye ampu ya pale dukani, nene na inaitika vizuri mpaka waya ya G juu kabisa. Shida ni nyufa. Kuna moja inaanzia kwenye kona ya pale shingo inapokaa kwenye bodi, upande wa waya ya G, inatoka nje inakwenda kama sentimita nne hivi ikipinda kidogo. Halafu kule mkiani kwenye kitufe cha kufungia mkanda kuna vimistari vifupi vifupi vimetawanyika kuzunguka skrubu. Na mgongoni ukiinamisha kwenye mwanga unaona mstari mmoja mrefu umenyooka toka mkiani mpaka kwenye ile sahani ya chuma ya shingo, kwa kidole hausikii kitu.

Muuzaji kila nikimuuliza ananiambia dada hiyo ni rangi tu, gitaa la zamani lazima liwe na nyufa ndo uzuri wake, wazungu wanalipia hela zaidi kwa ajili hiyo. Sasa sijui ananiuzia maneno au ni kweli. Picha amekataa nisipige. Nitajuaje??

chuma_cha_reli

Dada kama sauti imekupendeza chukua. Nyufa hazisikiki kwenye spika.

FundiSalumu

Namheshimu aliyetangulia ila nyufa zinasikika, tena zinasikika vibaya, shingo ikianza kucheza kwenye bodi utatuni mpaka ibada iishe. Binti usinunue kwa kuambiwa na usiache kwa kuogopa, ngoja nikueleze maana magitaa ya namna hiyo hapa Tanga nimeyafungua mengi.

Kwanza ujue una rangi ya aina gani kwa sababu rangi tofauti zinapasuka kwa sababu tofauti. Herufi E kwenye Fender za Japani huwa ni za kati ya 1984 na 1987. Fender Japani ilianzishwa 1982 na miaka hiyo zilikuwa zinatengenezwa na kiwanda cha FujiGen kule Matsumoto. Nyingi zilipakwa poliesta, koti nene gumu linalong'aa, na chini yake mara nyingi kuna basiwudi ambayo ni mbao laini, ukiigandamiza na kucha inabonyea. Sasa hapo umechukua kigae ukakibandika juu ya godoro. Mbao ikipigwa inabonyea, ikipata unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa, koti la juu halijui kubonyea wala kutanuka, linachanika. Kwa hiyo kwenye gitaa la poliesta ufa unakuwa na sababu yake hapohapo ulipo, kuna kitu kimesukuma. Kazi yako ni kutafuta nini kimesukuma.

Huo wa kona ya shingo ndio ugonjwa wa Fender dunia nzima, siyo za Japani peke yake. Rangi nene ilifika mpaka mdomoni mwa poketi ya shingo, yaani lile shimo la bodi shingo inapokaa, shingo ikaingizwa kwa kubana, siku fundi akiichomoa kwa kuiyumbisha pembeni badala ya kuinyanyua, kona ile nyembamba inasukumwa nje na rangi inapasuka. Au gitaa lilianguka ubavu. Mara nyingi ni rangi kweli. Lakini mara nyingi siyo mara zote, maana pale ndipo bodi ilipo nyembamba kuliko kote na mbao nayo inaweza kwenda.

Tofauti yake angalia hivi. Mbao kwenye bodi nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kutoka shingoni kwenda mkiani. Mbao ikipasuka inafuata nyuzi zake, haina akili nyingine. Kwa hiyo ufa unaotoka kwenye kona ya poketi na kunyooka kuelekea kwenye pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, huo ndio wa kuogopa. Ufa unaopinda, unaokatiza nyuzi, unaotoka kuelekea nje kwenye ile pembe iliyokatwa kama wako ulivyousema, huo unafuata rangi na haufuati mbao. Umesema unapinda, hiyo ni dalili nzuri ila bado ni dalili tu.

Uthibitisho uko ndani. Legeza nyuzi zote kwanza, usifungue skrubu za shingo nyuzi zikiwa zimevuta, zile nyuzi nne kwa pamoja zinavuta zaidi ya kilo 70. Toa zile skrubu nne, inyanyue shingo, mulika na tochi ukuta wa poketi. Mbao ya ndani huwa haina rangi au ina rangi kidogo tu ya kupulizwa. Kama mstari wa nje unaendelea kwenye mbao tupu ya ndani, mbao imepasuka, hakuna mjadala. Kama ndani ni safi basi muuzaji amesema kweli.

Huo mrefu wa mgongoni usikunyime usingizi. Bodi hizo zinaungwa vipande viwili au vitatu, gundi ya maungio inasinyaa kidogo kwa miaka na rangi inazama pale juu. Umenyooka kama umepigwa na rula sababu ulipigwa na rula kweli, mbao haipasuki kwa kunyooka namna hiyo. Kama kucha inapita bila kukwama achana nao.

Mkiani ndo sijapapenda. Vimistari vya kuzunguka skrubu maana yake ama skrubu ilikazwa kwa nguvu kwenye tundu dogo, ama gitaa liliwahi kuanguka likasimamia kitufe. La pili likiwa ndilo, kagua na kichwa, kwa sababu gitaa likianguka kwa mkia mtikisiko unapanda juu. Mwambie akikaze kile kitufe mbele yako uone kama skrubu inashika au inazunguka tu.

baridi_ya_minnesota

Nimependa maelezo ya mzee Salumu, niongezee upande wa lile la "gitaa la zamani lazima liwe na nyufa" maana huyo muuzaji amechanganya mambo mawili.

Nyufa ambazo watu wanazilipia hela ni za laka ya nitro, ile rangi ya magitaa ya zamani. Fender walitumia laka mpaka mwishoni mwa miaka ya 60, kama 1968 hivi ndo wakahamia poliesta kwa sehemu kubwa. Laka ni nyembamba sana na inaendelea kukauka na kuwa ngumu miaka na miaka. Mbao na laka havitanuki sawa kwa hiyo ukitoa gitaa kwenye baridi kali ukaliingiza ghafla kwenye joto, au kinyume chake, laka inakatika. Huku Januari nje inafika digrii 20 chini ya sifuri, halafu ndani hita inawaka, mtu ametoka gigi gitaa limekaa kwenye buti la gari, anafika nyumbani anafungua kasha hapohapo alione, tiki tiki tiki, unasikia kabisa kwa masikio. Ndo maana huku tunaambiana kasha liache limefungwa masaa kadhaa mpaka lizoee joto la chumba, ukilifungua mapema umelichana mwenyewe.

Zile nyufa unazitambua. Nyembamba kama unywele, nyingi, zinajirudia sambamba karibu bodi nzima, mara nyingi zinakatiza mbao kwa upana, na hazina kitovu, huwezi kusema zimeanzia hapa. Mbao chini haina shida yoyote. Sasa za dada zina kitovu, moja kwenye kona na nyingine kwenye skrubu. Kwa hiyo siyo za uzee, hizo ni za kusukumwa au za kugongwa. Haimaanishi gitaa ni baya, inamaanisha tu bei isipande kwa ajili ya nyufa, ikiwezekana ishuke.

Na hata ukikutana na laka yenye nyufa nzuri usiziamini moja kwa moja. Siku hizi kuna watu wanapuliza laka kwa gesi ya kugandisha makusudi ili ipasuke na gitaa lionekane la zamani. Siyo siri wala siyo dhambi, Fender wenyewe walianza kuuza magitaa yaliyochakazwa makusudi, yanaitwa Relic, mwaka 1995. Dhambi ni kuliuza kama la 1963.

Otis_wa_Nakuru

Mimi nitaongea tu kuhusu kichwa juu naona hakuna mtu amekigusa vizuri. Dada uko na bahati hio ni Fender, kichwa chake kimenyooka sambamba na shingo, ikianguka inaumia lakini kuvunjika ni nadra. Venye watu huumia ni kwa besi za kampuni ya Gibson, Thunderbird na zile EB. Shingo ni mahogani, kichwa kimelala nyuma kwa pembe, na hapo nyuma ya nati, kile kipande kidogo nyuzi hupitia zikiingia kichwani, ndio wamechimba shimo la kukazia ile chuma ya ndani ya shingo, sasa mbao imebaki kidogo kabisa mahali ambapo nguvu ni nyingi kabisa. Thunderbird tena kichwa ni kizito na mwili ni mrefu, inaanguka ikitazama chini. Ukiona laini yoyote nyuma ya nati kwa hizo, hata ikae nyembamba aje, usiambiwe ni rangi. Chukulia ni mbao hadi mtu akuonyeshe sivyo.

Kama iliwahi vunjika na ikagluiwa vizuri inaweza piga miaka mingine mingi, hio sio shida, shida ni kuuziwa bei ya nzima.

Kwa Fender angalia ile laini nyeusi ya mbao inapita nyuma ya shingo kwa shingo za mbao ya mepo. Hio ni mbao ya kuziba mfereji wa trasirodi, ile chuma ya ndani ya shingo. Kando yake rangi huchanika na kuwa na laini mbili ndefu, ni kawaida. Lakini pitisha kidole gumba polepole kutoka chini hadi juu. Ukisikia imeinuka mahali, kuna mtu alikaza trasirodi hadi ikaanza kuisukuma mbao itoke. Hapo wacha hio besi.

MamaBesi

Asanteni sana jamani nimesoma yote mara mbili. Fundi Salumu shikamoo. Shida ni kwamba leo mchana nimepita nikamwomba afungue shingo amekataa katakata, anasema akifungua setapu, yaani mpangilio wa shingo na nyuzi, inaharibika na mimi nikiondoka nani atamrudishia. Nikasema nitamlipa fundi wake afungue, bado kakataa. Kuna njia ya kukagua bila kufungua? Au ndo nijue kuna kitu anaficha?

FundiSalumu

Marahaba binti. Kukataa kufungua shingo siyo ushahidi wa wizi, wauzaji wengi wanaogopa kwa sababu wameshaona vijana wakikoroga tundu za skrubu. Ana hoja kidogo. Basi mwombe kitu kidogo zaidi, afungue ile plastiki ya mbele, skrubu zake ni ndogo na wala haigusi setapu. Kwenye Jazz Bass plastiki ile inafunika ukingo wa poketi upande wa juu na inakaribia shimo la pikapu ya shingoni. Ikitoka utaona kama ufa umepita chini yake. Rangi ya chini ya plastiki haijaguswa na jua wala jasho kwa hiyo ufa wowote unaonekana mweupe peupe.

Akikataa hata hiyo, fanya haya ukiwa dukani, hakuna anayeweza kukukatalia.

Ituni kamili mpaka E A D G ya kawaida. Kaa nayo, shika bodi kwa mkono mmoja karibu na kiungo na mwingine shika shingo kule freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) ya tano au ya saba, isukume pembeni kwa upole, kushoto kulia, jicho liwe kwenye ufa na siyo kwenye mkono. Ufa wa rangi unabaki kama ulivyo. Ufa wa mbao unafunguka na kufunga, hata kama ni upana wa karatasi, na mara nyingine kuna kamlio kadogo. Halafu tazama waya ya E na ya G kule mwisho wa freti, zinatakiwa ziwe mbali sawa na ukingo wa shingo pande zote mbili. Kama G iko karibu kudondoka nje na E iko ndani sana basi shingo imekaa upande. Mara nyingi skrubu zimelegea tu na dawa yake ni dakika chache, lakini mahali penye ufa papo hapo na shingo imeegemea upande huohuo, mimi natilia shaka.

Kucha. Pitisha kucha kukatiza ufa, usiifuate. Rangi iliyochanika inakwaruza kidogo sawa pande zote. Mbao iliyopasuka mara nyingi upande mmoja umepanda, unasikia ngazi ukienda huku na ukirudi kule kucha inateleza. Hiyo ngazi ndo tunayoitafuta sisi mafundi kuliko ufa wenyewe.

Ukipata pamba na mafuta ya kiberiti, yale ya kujazia viberiti vya Zippo, pangusa juu ya ufa. Hayaharibu poliesta wala laka. Juu yanakauka haraka sana, sasa wewe angalia mstari. Kama kuna uwazi unaoingia ndani mafuta yamezama humo na mstari unabaki mweusi wakati pembeni kumeshakauka. Ukikauka pamoja na sehemu nyingine basi ni wa juujuu. Lakini omba ruhusa kwanza, na usifanye karibu na mtu anayevuta sigara, Kariakoo nawajua.

Asetoni usiguse hata kidogo. Kuna watu mtandaoni wanashauri asetoni kupima kama rangi ni laka, ni kweli laka inayeyuka na poliesta haiyeyuki, lakini hilo linafanywa ndani ya shimo la waya na mwenye gitaa, siyo dukani kwenye mali ya mtu.

laizer_drums

Huku Arusha asubuhi tunapulizia pumzi tu. Ukilihohoa gitaa kwa mdomo wazi ukungu unashika kwenye rangi na nyufa zote zinajitokeza hata zile usizoziona kwa tochi, maana ukungu hauketi sawa penye ufa. Ila Dar sidhani, joto lenu hata kioo hakishiki ukungu 😂

chuma_cha_reli

Haya nimekaa nikasoma naona kumbe mambo ni mengi. Swali kwa fundi, je kama muuzaji ameshaziba ufa kwa supaglu halafu akapiga polishi utajuaje?

FundiSalumu

Swali zuri sana hilo na linatokea. Supaglu ile ya maji inaingia kwenye ufa yenyewe, ukisugua na msasa wa maji mpaka namba za juu halafu polishi, kwa mbele huoni kitu. Lakini mwanga unaiumbua. Shika gitaa mlalo, taa ya dirishani au ya bomba iakisi juu ya rangi, halafu lizungushe taratibu uone ule mwanga unavyotembea. Penye rangi ya kiwandani mwanga unatembea laini, penye kazi ya mkono unakatika au unajipinda, kuna kabonde au kauvimbe. Pia gundi inang'aa tofauti kidogo na mara nyingi inageuka njano. Kwenye laka ni rahisi zaidi kugundua maana supaglu inakula laka, pembeni ya ufa unaona pamelainika pakakunjamana.

Na kuziba siyo kosa. Ufa wa mbao ukiingizwa gundi nzuri ya mbao, ukabanwa na klampu mpaka asubuhi, unakuwa imara kuliko pembeni yake. Kosa ni kuziba rangi juu na kuacha mbao wazi chini.

MamaBesi

Wakuu nimerudi na mrejesho. Leo nimekwenda na kaka mmoja anapiga solo kwenye bendi ya dansi, muuzaji alivyomwona mwanaume kashika tochi akalainika ghafla (hilo tuliache). Plastiki ya mbele kaifungua mwenyewe.

Ufa wa kona haujapita chini ya plastiki. Tumesukuma shingo kushoto kulia kama fundi alivyosema, mimi nimeweka jicho karibu kabisa na tochi pembeni, hakuna kilichofunguka. Kucha inakwaruza sawa pande zote. Waya ya G na E ziko sawa kwenye ukingo. Ule mstari mweusi wa nyuma ya shingo nimepitisha kidole gumba toka chini mpaka juu, laini kabisa, nyufa zake mbili zipo lakini hakuna palipoinuka. Nyuma ya nati safi.

Sasa kule mkiani. Nimemwambia akaze kitufe, skrubu ikazunguka bila kushika. Akaitoa yote, na ndani ya tundu kulikuwa na njiti za kiberiti zimeshindiliwa, mbili, na kipande cha karatasi kimekunjwa. Tukamulika, kwenye mdomo wa tundu kuna ufa wa mbao kabisa, unaingia ndani kama nusu sentimita, unafuata nyuzi za mbao vilevile mlivyosema. Muuzaji kashtuka au kajifanya kashtuka. Akasema atashusha mpaka milioni moja na laki nne. Fundi hiyo ya mkiani inatengenezeka? Na bei hiyo iko sawa?

FundiSalumu

Inatengenezeka vizuri mno, hiyo ni kazi ya saa moja na kusubiri gundi. Tundu linapanuliwa kwa drili mpaka mbao nzima ipatikane, linapigwa kijiti cha mviringo cha mbao ngumu na gundi, ufa nao unaingizwa gundi na kubanwa kwa klampu, kesho yake linatobolewa upya kwa kipimo sahihi cha skrubu. Mwambie fundi wako asitumie njiti za kiberiti tena na asitumie kijiti cha basiwudi, tafuta mninga au mbao yoyote ngumu iliyokauka. Na kabla ya kuingiza skrubu aipake mshumaa au sabuni ya kipande kidogo, na ukingo wa tundu kwenye rangi aupanue kidogo kwa ncha ya drili kubwa ili skrubu isiguse rangi, bila hivyo vimistari vitazaliwa upya siku hiyohiyo.

Mpaka itengenezwe usiivae besi ukiwa umesimama. Kitufe cha mkia kikichomoka gitaa linaanguka.

Bei mimi ningesema bado ana nafasi. Mkiani mwambie ukweli, mbao imepasuka na yeye ameona kwa macho yake. Milioni na laki tatu ukiipata mshukuru Mungu, laki nne nayo hujaibiwa.

baridi_ya_minnesota

Naunga mkono. Na ule wa kona usiuache hivihivi, mpe fundi aweke tone la supaglu ya maji kwenye ufa, poliesta haidhuriki nayo. Siyo kwa urembo, ni kwamba ufa wazi unaingiza jasho na unyevu wa Dar, na rangi ya pembeni itaanza kunyanyuka vipande vipande. Kama hujali vipande kubanduka basi acha.

Otis_wa_Nakuru

Na ukifika nyumbani usiisimamishe kwa ukuta. Nunua stendi. Hio poliesta haina shida na raba ya stendi, wenye laka ndio raba huwachomea rangi ikaacha alama, wewe uko sawa.

laizer_drums

Kwani mkanda wenyewe utatumia upi? Kama kitufe kinatengenezwa upya si uweke moja kwa moja vile vya kufuli, vinavyoshika mkanda usichomoke?

FundiSalumu

Anaweza, ila achague skrubu yenye unene unaolingana na kijiti kipya na asikaze kwa drili ya umeme. Mkono tu, na ikianza kuwa ngumu arudi nyuma robo kisha aendelee.

MamaBesi

Nimelipa milioni na laki tatu na elfu hamsini, na katoa na kasha. Kesho inaenda kwa fundi Temeke, nimemtumia maelezo ya mkiani kama yalivyo humu. Kaniuliza mninga kipande kidogo atoe wapi, nimemwambia apite kwa mafundi samani jirani yake aombe vile vipande vinavyotupwa.